Jina la pili tulilipita tu

Mwandishi umewachambua wagombea urais vizuri, lakini wagombea wenza umewapa mistari miwili. Hapo sikubaliani nawe.

Nakumbuka uchaguzi wa Tanzania wa 2015, kijiwe cha kahawa karibu na nyumbani. Kuanzia asubuhi mpaka magazeti yanachakaa mikononi, ubishi ulikuwa Magufuli na Lowassa tu. Mzee mmoja akauliza, "Na hawa wenza wao mnawajua?" Tukanyamaza, kisha mtu akaagiza kashata, mazungumzo yakarudi palepale. Samia Suluhu Hassan, mwenza wa Magufuli, alikuwa ametoka kuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka uliotangulia. Juma Duni Haji alikuwa amewahi kuwa waziri Zanzibar, akahama chama cha CUF kwenda CHADEMA ili asimame na Lowassa. Mambo ya kujadili yalikuwepo tele, sisi tukaishia kusema "huyu katoka visiwani", basi.

Usiku wa Machi 17, 2021, Samia yuleyule, sasa makamu wa rais, ndiye aliyetutangazia kwenye televisheni kifo cha Rais Magufuli. Siku mbili baadaye akaapishwa. Katiba inampa makamu muda wote uliobaki, na uliobaki ulikuwa zaidi ya miaka minne. Hakuna kura nyingine iliyopigwa.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, tuandikie makala ya pili: kila mwenza amesimamia nini, na alipotofautiana na mkubwa wake alifanyaje? Mimi nitaisoma hadi nukta ya mwisho.