Makampuni yaingia mtandaoni kumfuata mlipaji

Makampuni yanayouza pembejeo na kununua mazao Mbeya na Iringa yanazidi kuandika mizigo yao katika mifumo ya mtandao, toka ghalani hadi dukani. Wengi hudhani lengo ni kupunguza gharama. Kwa hakika makampuni hayo yanamfuata anayelipa.

Mfano ulio wazi ni mbolea. Mwaka 2022, bei zilipopanda duniani, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku jijini Mbeya siku ya Nane Nane. Mfuko wa kilo 50 wa Urea, uliokuwa umevuka shilingi 100,000, ulishushwa hadi 70,000. Sharti lilikuwa moja: mkulima aandikishwe, wakala asajiliwe, na mauzo yaingizwe katika mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Fidia ya kampuni hutokana na mauzo yaliyomo humo. Mfuko uliouzwa Mafinga bila kuandikwa hauna ruzuku ya kudai.

Kwa kahawa, mlipaji ni mnunuzi wa Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inamtaka mwagizaji aonyeshe shamba ilikotoka kahawa, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mashamba madogo ya Rungwe hayapimwi kwa wiki moja. Msafirishaji anayengoja siku ya mwisho atabaki na magunia yake.

Mwenye kutaka kuweka fedha katika biashara hizi asiulize kama kampuni ina kompyuta. Aulize malipo huchukua siku ngapi baada ya mauzo kuandikwa, maana kampuni inayosubiri ruzuku huendeshwa kwa mtaji wake au kwa mkopo wenye riba. Wakala mdogo naye ahesabu simu, umeme na muda wa kuandika kuwa gharama ya biashara, kama anavyohesabu nauli ya lori. Mchuuzi anayechanganya kahawa ya wakulima kumi bila majina yao ndiye atakayekosa mnunuzi kwanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hatari ya leo ni daftari kuwa mikononi mwa mwingine, hivyo mfanyabiashara mwangalifu ataingia katika mfumo, na nakala yake ataiweka dukani.