Watoto wetu na msimu wa maboga

  

Ndugu Waislamu, siku hizi ufikapo mwezi wa Oktoba wapo wazazi wanaouliza iwapo yajuzu mtoto kuchonga boga. Ndugu zetu waishio Marekani huulizwa hivyo na watoto wao, maana shule za huko huwapeleka wanafunzi mashambani kuchagua maboga. Na sisi huku Kate, wilayani Nkasi, tumefikiwa na swali hilo kwa njia ya simu za mkononi, ambamo watoto huona maboga yaliyotobolewa macho na meno na kuwashwa mshumaa ndani.

Kinyago kile hakikuanza na boga. Watu wa Ireland walikuwa wakichonga mizizi ya mboga mfano wa figili kubwa, kwa ajili ya usiku wa tarehe 31 Oktoba uliofungamana na itikadi za kale za kurejea kwa mizimu. Walipohamia Marekani katika karne ya 19 wakakuta boga, kubwa zaidi na jepesi kukombwa, wakalichukua. Basi kuadhimisha usiku ule kuna hukumu yake, nasi hatuoni njia ya kukuhalalisha. Ama mtoto kwenda shamba na wazazi wake, akachagua boga, akalibeba, akalipika, hilo lina kosa gani? Wapo waliolikataza boga lenyewe kwa sababu ya kinyago, nao wamepita mpaka.

Isitoshe, Oktoba ya kwetu si msimu wa maboga. Ni mwisho wa kiangazi. Ardhi imekauka na wakulima wanasubiri mvua. Boga la Ufipa hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, baina ya mashina ya mahindi. Majani yake huliwa kwanza, kisha matunda hukomaa mvua zinapoelekea kukatika, mahindi nayo yakianza kukauka. Kwa hiyo swali litupasalo ni jingine: watoto wetu hulifanyia nini boga katika msimu wake wenyewe?

Twauliza kwa sababu. Mkoa wetu wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na taifa kwa nafaka, na maghala ya hifadhi ya chakula ya taifa yapo Sumbawanga. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima kiwango ni asilimia 30. Mahindi yamejaa ghalani na mtoto hakui! Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo maradhi na mama kuelemewa na kazi, lakini moja tunaiona kila siku: mtoto hula ugali asubuhi na jioni, na kilicho kando yake hakitoshi. Boga hulala shambani likisubiri mtu wa kuliokota, au huachiwa ng'ombe, kwa kuwa baba wa nyumba hulihesabu kuwa chakula cha wakati wa dhiki.

Laiti baba huyo angeijua hadithi ya Anas bin Malik (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.), na Anas, aliyekuwa kijana mtumishi wake, akafuatana naye. Wakaletewa mkate wa shayiri na mchuzi wenye dubbaa na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akivifuata vipande vya dubbaa pembezoni mwa sahani. Tangu siku hiyo naye akaipenda, akaja kuisimulia hali hiyo akiwa mtu mzima. Hakuamrishwa ale wala hakuhutubiwa juu ya faida zake. Aliketi pamoja na mkubwa wake penye chakula, akaona. Ni watoto wangapi wa Kate waketio sahani moja na baba zao? Na katika riwaya ya Ibn Majah, Mtume aliulizwa juu ya dubbaa akajibu kuwa wao hukizidisha kwayo chakula chao.

Kwa uadilifu wa elimu tuseme kwamba dubbaa ya Madina haikuwa boga hili la njano. Boga letu asili yake ni bara la Amerika, nalo lilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Dubbaa ni jamii ya mumunye, tunda changa la mmea utoao vibuyu. Ni ndugu wa ukoo mmoja, na makusudio ya kukizidisha chakula yanayaenea yote mawili.

Basi mzazi na afuatane na mwanawe shambani. Asubuhi na mapema maua yakiwa wazi, amwonyeshe ua la kike, lenye kijitunda chini yake, na la kiume lisilo nacho, na nyuki apitaye baina yake. Hapo mtoto atajua kwa nini maua mengine huanguka bila kuzaa. Boga likiwa changa, mtoto aandike jina lake juu ya ganda kwa ncha ya mwiba, bila kuzamisha. Herufi zitakua pamoja na tunda. Likikomaa likatwe na kikonyo chake, maana likivunjika kikonyo huoza upesi. Jikoni, lichemshwe na kupondwa pamoja na karanga zilizotwangwa, kwani mafuta ya karanga huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika unjano wake. Mtoto aliyetimiza miezi sita naye apewe, likiwa limepondwa laini. Mbegu zikaangwe, nazo zina protini na mafuta.

Vibuyu navyo visisahauliwe. Mtoto atie changarawe ndani ya kibuyu kikavu, akitikise mpaka mbegu zitoke, akipasue kiwe kata ya maji. Akiuliza juu ya kibuyu cha pombe, aelezwe kuwa ujumbe wa Abdul-Qays ulikatazwa kuvundika vinywaji katika vyombo vya dubbaa, kisha vyombo vikaruhusiwa na kilevi kikabaki haramu.

Mbegu za boga lililokuwa tamu zaidi zitengwe na mtoto mwenyewe, azioshe, azianike kivulini, azichanganye na majivu makavu na kuzitundika juu ya jiko hadi mvua ya Novemba.