Kicheko Hakiuzwi Kwenye Boksi

Kila Desemba, magari ya Nairobi yakianza kushusha watu Nyamarambe, Kisii, hushuka pia boksi jipya la kadi za vichekesho. Kadi moja ina sentensi yenye pengo, nyingine zina majibu. Anayeziba pengo kwa upuuzi uliowashinda wote ndiye mshindi. Mpwa wako amelinunua kwa sababu ameaminishwa, kama wengi wetu, kwamba usiku wa michezo hauchekeshi mpaka vichekesho viwe vimechapishwa.

Uongo mtupu.

Mchezo uliovumisha mtindo huu, Cards Against Humanity, ulitoka Marekani mwaka 2011, kazi ya marafiki waliosoma sekondari moja. Wao walishajuana, na wenyewe wanautangaza kuwa mchezo wa watu wabaya. Wasemakweli hao. Tatizo ni sisi tunaouweka mbele ya baba mkwe.

Mwaka jana tulifungua boksi la namna hiyo sebuleni kwa kaka yangu. Kadi ya kwanza ilimtaja mwigizaji aliyejulikana na watu watatu kati ya tisa, ikabidi mpwa aeleze. Kichekesho kikishaelezwa ni chai iliyopoa. Kadi ya pili haikuhitaji maelezo: mambo ya chumbani, tena wazi, na aliyeangukiwa na zamu ya kuisoma ni mkamwana. Mzee alichukua bakora yake akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ilikuwa saa tatu usiku.

Wagusii tuna neno chinsoni, ile haya inayopima nani aseme nini mbele ya nani. Mzazi na mwanawe, mkwe na mkamwana, hawatamkiani ya chumbani. Lakini nyanya na mjukuu? Hao hutaniana mpaka wewe uliye katikati utafute pa kuficha uso. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeishi na Wagusii miaka ya 1950, aliyaandika haya, ingawa nyanya yeyote, magokoro kwa lugha yetu, angemweleza bila daftari. Utani kwetu una njia zake, na boksi halijui nani ameketi wapi.

Kadi za kawaida, zile 52 na majoka, hazisemi neno. Hapo ndipo ulipo ubora wake, kwa kuwa maneno yanabaki kwa watu. Wakenya mchezo wetu tunauita poka, ingawa hauna undugu na poka ya kamari, na mezani petu hapana hata shilingi. Mbili inakuchukuza kadi mbili, tatu inakuchukuza tatu, joka tano. Malkia na nane ni maswali, lazima uyajibu. Ukikaribia kumaliza unatangaza, "Niko kadi!" Ukisahau kutangaza, umeumia.

Usiku ule ule, boksi likiwa limefunikwa, magokoro aliomba pakiti yake ya zamani. Tisa ya maua ilipotea siku nyingi. Mahali pake pana kipande cha katoni ya sabuni kilichoandikwa 9 kwa kalamu ya bluu. Mpwa akabakiwa na kadi moja, akasema kwa majivuno, "Niko kadi, nyanya." Bibi akamtazama kwa upole, akaweka joka. "Chukua tano, bwanangu. Na mahari yangu bado hujamaliza." Mzee, aliyekuwa amerudi kimyakimya, alicheka hadi akaketi sakafuni. Nani angeichapisha sentensi hiyo huko Marekani?

Najua nitaambiwa vijana wenyewe kwa wenyewe wanalifurahia boksi lao. Wafurahie. Ila kicheko cha kuandikwa husomwa mara moja. Kufikia Pasaka boksi liko juu ya kabati, chini ya chaja zilizoharibika. Tatu ya kopa ukiwekewa na shangazi unayemdai pesa, haizeeki. Hata ugomvi wa sheria, kama ase inazuia joka au haizuii, una raha yake, maana kila boma lina katiba yake na hakuna mahakama ya rufaa.

Basi Desemba hii, ukipanda gari la Kisii, liache boksi Nairobi. Pakiti ya kadi utaikuta Nyamarambe. Ukiikosa dukani, njoo kwetu, ila ukiona kipande cha katoni ya sabuni usikitupe: hiyo ndiyo tisa ya maua.