Asilimia 300 ya nini? Muulize anayekuuzia roboti ya foreksi

BILA shaka umeiona hiyo picha. Mstari wa kijani unapanda kutoka kona ya chini hadi juu bila kutetereka, na chini yake maandishi makubwa: faida asilimia 300 kwa miezi sita. Imetumwa kwenye kikundi cha Telegram au WhatsApp, na aliyeituma anauza roboti, yaani programu inayonunua na kuuza sarafu yenyewe huku wewe umelala. Ati imejaribiwa kwa bei za miaka mitano iliyopita, kitu wanachokiita bektesti, na imefaulu.

Mimi simwiti muuzaji huyo mwongo. Mara nyingi hesabu yake ni sahihi kabisa, na hapo ndipo shida ilipo. Asilimia ni sehemu ya kitu fulani. Ukitajiwa asilimia 300 bila kuambiwa ni ya nini, hujaambiwa chochote, na wewe unakaribia kutoa pesa za HELB au mshahara wako wa kwanza.

Hebu tuchukue biashara moja tu. Umenunua euro 10,000 kwa bei ya dola 1.10 kila moja. Thamani yake ni dola 11,000. Bei ikapanda hadi 1.1110, ukauza. Umepata dola 110. Hakuna ubishi hapo, ni dola 110.

Sasa, hiyo ni asilimia ngapi? Ukigawanya kwa dola 11,000, ni asilimia 1. Lakini broka hakukudai dola 11,000. Kama anatoa levereji ya 1:100, alizuia dola 110 tu za akaunti yako kama dhamana. Ukigawanya faida kwa dhamana hiyo, umepata asilimia 100! Kwa levereji ya 1:400, ambayo utaiona ikitangazwa sana hapa kwetu, dhamana ni dola 27.50, na faida ni asilimia 400. Na kama akaunti yako ina dola 500, kitu kama Sh65,000, umepata asilimia 22. Biashara ni ile ile, siku ni ile ile, pesa ni zile zile. Muuzaji ana majibu manne, yote ya kweli, na unajua mwenyewe atachapisha lipi.

Levereji si uchawi. Wanachama wa Sacco wanaijua kwa jina jingine: una akiba ya Sh50,000, unakopeshwa mara tatu yake, unafanya kazi na pesa ambazo si zako zote. Tofauti ni kwamba broka hakupi mara tatu, anakupa mara 100 au mara 400. Wala hatafuti wadhamini. Mdhamini ni hizo pesa zako alizozishika, na zikipungua kupita kiasi anafunga biashara yako papo hapo, hakupigii simu.

Hilo la kufungiwa ndilo linalopotea kwenye picha za kijani. Tuseme akaunti yako ina dola 150, na umefungua ile biashara ya euro 10,000 kwa levereji ya 1:100. Dhamana ni dola 110. Mabroka wengi wana kikomo: kwa mfano, pesa zako zikifika nusu ya dhamana, yaani dola 55, kompyuta yao inafunga kila kitu. Ni Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, zinazotoka saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu. Bei inaanguka kwa asilimia 0.9 kwa dakika chache, halafu inageuka na kumaliza siku ikiwa juu kwa asilimia 1. Bektesti inayosoma bei ya kufunga siku peke yake itaandika faida ya dola 110, asilimia 73 ya akaunti. Wewe uliyekuwa sokoni ulibaki na dola 55 hivi au chini yake kidogo kabla bei haijageuka. Ulikuwa sahihi kuhusu euro na bado umepoteza karibu theluthi mbili ya pesa zako.

Kuna wanaosema levereji inaongeza faida na hasara kwa kipimo sawa, kwa hivyo mbinu nzuri itabaki nzuri. Hapana. Chukua kalamu. Tuseme una mbinu nzuri kweli: katika biashara 100, 55 zinapata asilimia 1 na 45 zinapoteza asilimia 1, na kila mara unaweka pesa zako zote zilizopo. Unaanza na Sh10,000. Bila levereji, unamaliza na takriban Sh11,000. Kwa levereji ya mara 10, unamaliza na Sh16,500, na hapo lazima ufurahi. Kwa mara 20, unamaliza na Sh9,860. Umepoteza! Kwa mara 30, unabaki na Sh1,980 hivi. Mbinu haijabadilika. Roboti bado inashinda mara 55 kwa 100. Kilichokumaliza ni kwamba ukipoteza asilimia 30, kupata asilimia 30 hakukurudishi ulikotoka: Sh10,000 inakuwa 7,000, halafu 9,100. Rudia hivyo mara kadhaa uone mfuko unavyotoboka.

Mimi huona hesabu hii ndiyo ingepaswa kuwa somo la kwanza katika hizo kozi za mtandaoni. Badala yake somo la kwanza huwa jinsi ya kufungua akaunti, kupitia linki ya mwalimu.

Tena gharama huhesabiwa kwa mzigo mzima, si kwa dhamana yako. Tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza ikiwa pipu moja, kwa euro 10,000 ni dola moja. Ni kidogo sana ukiilinganisha na dola 11,000. Ukiilinganisha na dhamana ya dola 27.50, ni karibu asilimia 3.6, na umelipa kabla bei haijasonga. Ada ya kulala na biashara usiku nayo ni hivyo hivyo. Roboti inayofanya biashara 20 kwa siku kwenye bektesti isiyo na gharama hizi itaonekana tajiri wa karatasi.

Tatizo jingine ni miaka iliyochaguliwa. Kuanzia Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitakubali euro ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu ilitimiza neno lake. Mtu aliyejaribu mbinu ya kununua euro kila inapokaribia 1.20 aliona mstari mtamu, na kwa levereji kubwa ule utamu mdogo uligeuka asilimia za kutisha. Tarehe 15 Januari 2015 benki hiyo iliondoa kikomo bila kuonya mtu. Euro ilianguka chini ya faranga 1.00 ndani ya dakika chache. Alpari ya Uingereza ilifilisika. FXCM ya Marekani iliokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300 kwa sababu wateja wake walikuwa wamepoteza zaidi ya walichoweka. Hakuna bektesti ya 2012 hadi 2014 ambayo ingekuonyesha siku hiyo.

Wenzetu walichukua hatua. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, iliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha 30:1 kwa sarafu kubwa, na kulazimisha kampuni kutangaza ni wateja wangapi hupoteza. Ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti hizo hupata hasara. Marekani kikomo ni 50:1. Hapa Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ina kanuni za foreksi ya mtandaoni tangu 2017 na orodha ya mabroka wenye leseni, na inafaa uiangalie kabla ya kutuma hata shilingi. Ila leseni ya broka haihusu roboti ya jamaa wa Telegram. Huyo anajibu kwako tu, na akikublock mazungumzo yameisha.

Sikuambii uache foreksi. Wapo wanaoifanya kama kazi, kwa levereji ndogo, na hao huwasikii wakipiga kelele kwa sababu asilimia 12 kwa mwaka haivutii mtu kwenye TikTok. Ninachotaka ni umlazimishe muuzaji akuonyeshe asilimia ya thamani yote ya biashara. Akuonyeshe pia akaunti ilianguka kiasi gani siku yake mbaya zaidi.

Akikataa, unaweza kujipimia ikiwa amekupa roboti ya kujaribu. Ifungue kwenye sehemu ya majaribio ya MetaTrader, uweke kipimo cha biashara kisichobadilika, loti 0.10, ambayo ndiyo zile euro 10,000. Endesha jaribio ukianza na dola 500. Piga picha ya matokeo. Kisha badilisha kitu kimoja tu: anza na dola 11,000, kwa miezi ile ile. Kama akaunti ya kwanza haikufungiwa njiani, faida kwa dola itakuwa ile ile katika picha zote mbili, na asilimia 300 itakuwa imegeuka kuwa chini ya 14. Mtumie muuzaji picha zote mbili, umwombe akuambie ni ipi aliyoiweka kwenye tangazo, na kwa nini.