Plake za jua: faktire isipelekwe kwa masikini

Siku hizi watu wanaomba Serikali isaidie nyumba kununua plake za jua. Ni neno muzuri. Lakini, ndugu watumikaji, tuulize mbele: feza ya ule musaada itatoka mu mufuko ya nani?

Tuangalie Ujerumani. Tangu 2000, mwenye kuweka plake ku paa alihakikishiwa bei ya umeme wake kwa miaka 20. Feza haikutoka kwa Serikali, iliongezwa ku faktire ya kila nyumba. Mu 2017 nyongeza ilikaribia santimu 7 za euro kwa kilowati-saa moja. Viwanda vikubwa vilisamehewa sehemu kubwa. Mupangaji asiye na paa akamulipia mwenye nyumba. Mu Julai 2022 ndipo Serikali ikabeba muzigo wote.

Kwetu isifanyike vile. Waya ya Inga mupaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, inapita juu ya vijiji vyenye giza, inakuja kulisha mine. Wakiongeza bei ku faktire ya SNEL, mwenye taa moja atalipia plake za mwenye villa.

Feza iko. Sheria ya mine ya 2018 inapatia komini, sekta na shefferi zenye mine 15% ya redevance ya madini. Sehemu yake inunue plake, tuanze na nyumba zisizo na umeme. Na sisi wa sendika, pamoja na bamama ba mu cité, tuende ku komini kuomba hesabu: imeingia ngapi, imefanya nini?