Barua ya kufukuzwa kazi itaje siku ya mwisho ya kulalamika

Tuchukue mfano wa dereva wa lori kutoka Busia, Kenya, anayefukuzwa kazi na mwajiri wake jijini Dar es Salaam. Anarudi kwao kujipanga, anatafuta nauli na mtu wa kumshauri. Baada ya miezi miwili anarejea na barua yake mkononi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inamwambia amechelewa.

Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa kwenye tume hiyo ndani ya siku 30. Uganda, malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Kenya, sheria inatoa miaka 3 ya kufungua kesi. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayowaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, ilianza kutumika Julai 2010. Dereva wetu alivuka, lakini hakuna aliyemwambia kwamba upande wa pili siku zinahesabiwa tofauti.

Anaweza kuomba aongezewe muda, ila atatakiwa kutoa sababu ya msingi na kueleza kila siku iliyopotea. Mwajiri ana wakili, yeye hana. Hata akivuka hapo, rufaa yake inaweza kuondolewa mahakamani kwa sababu ya hati moja iliyokosekana. Rufaa iliyoondolewa huweza kuletwa upya, lakini kufikia wakati huo muda umepita, kwa hiyo anarudi kuomba nyongeza. Miaka inakwenda, na swali la msingi, kama alifukuzwa kwa haki au la, halijajibiwa.

Sisemi taratibu zifutwe. Mashahidi husahau, na mwajiri naye ana haki ya kujua mgogoro utaisha lini. Lakini Katiba za Tanzania, Kenya na Uganda zote zinazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masuala ya kiufundi, na mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha sheria ya rufaa kwa lengo hilo hilo. Kasoro ya karatasi inayoweza kusahihishwa, isahihishwe, hata ikibidi aliyekosea alipe gharama. Isiwe sababu ya kufunga jalada.

Kuhusu muda, dawa ni nyepesi. Kila barua ya kuachishwa kazi ieleze, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, alalamike wapi na kabla ya tarehe gani. Barua isiyosema hivyo, siku zisianze kuhesabiwa. Itifaki yenyewe inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria zao za kazi. Hapa ni pazuri pa kuanzia, kwani hakuhitaji bajeti wala ofisi mpya.

Hadi hapo, wewe unayefanya kazi ugenini kumbuka: ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukipewa barua leo, kesho asubuhi nenda ofisi ya kazi ukaulize umebakiwa na siku ngapi.