Faini kwa Tajiri, Jela kwa Maskini

Sheria iliyopitishwa Zanzibar mwaka 2004 iliweka, kwa kosa la usagaji, kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 500,000. Neno hilo “au” ndilo litushughulishalo. Mwenye maduka Darajani angelipa kabla ya adhuhuri. Mkulima wa mwani wa Paje angepelekwa Chuo cha Mafunzo.

Hata pasipo mahakama, mambo ni hayo hayo. Gill Shepherd, alipoandika juu ya Mombasa mwaka 1987, alieleza kuwa huko cheo kilizidi jinsia katika kumpambanua mtu. Nasi visiwani twaona: mwenye nyumba ya ukuta huitwa bwana, kijana apigaye ngoma harusini kwa ujira, mpangaji wa chumba Ng’ambo, ndiye peke yake aitwaye shoga.

Waheshimiwa wahusika watueleze: linaloadhibiwa ni tendo, au ni ufukara?